Mwalimu, msiwapeleke makao: anzeni na lile kufuli

Swali limetoka kwa mwalimu wa shule ya msingi jijini Dodoma. Nimelifupisha, na mambo madogo nimeyabadilisha ili familia isitambulike:

"Shikamoo mama. Nina wanafunzi wawili wa familia moja, mmoja darasa la sita, mwingine la pili. Mama yao alikuwa amepanga chumba kimoja Chang'ombe. Ana watoto wanne, wa mwisho hajafikisha mwaka. Anafua nguo za watu na kuuza mboga. Baba yao ni utingo wa malori, ana miezi minane hajarudi wala hatumi hela. Kodi iliisha miezi miwili iliyopita, na wiki jana mwenye nyumba akafunga kufuli, vyombo vikiwa ndani. Sasa mama na wadogo watatu wanalala sebuleni kwa rafiki yake. Binti mkubwa, miaka 12, analala kwa jirani mwingine kwa sababu nafasi haitoshi. Ndugu wa mama wanataka arudi kwao Mvumi, kwenye nyumba ya tembe ya wazazi. Sisi walimu tumewaza kuwapeleka watoto kwenye makao ya kulelea watoto ili wawe mahali salama, mama naye ajipange. Tuanzie wapi?"

Marahaba, Mwalimu. Na asante kwa kuona. Mtoto anayelala bila nafasi husinzia darasani, na wengi wetu humwita mvivu tukaendelea na somo.

Jibu la swali lako kubwa nalitanguliza: msiwapeleke makao. Kwa haya uliyonieleza, watoto hawa hawajakosa mama, wamekosa chumba. Mama yupo, anahangaika kwa mikono yake, na wawili wanafika shuleni hata katika hali hii. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo, lakini lipo jambo haliwezi kungoja nimalize maelezo, nalo ni huyo binti.

Binti alale alipo mama yake, kuanzia leo. Hata kama ni kubanana watano kwenye mkeka mmoja sebuleni kwa rafiki, wabanane. Simtuhumu jirani, simjui, na huenda ni mtu mwema kabisa. Lakini nimefanya kazi ya ustawi wa jamii zaidi ya miaka 20 katika mkoa huu, na watoto walioumizwa niliowapokea ofisini karibu wote waliumizwa na mtu waliyemfahamu, ndani ya nyumba waliyoizoea. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na kwa wavulana ni kama 1 kati ya 7. Kwa hiyo maswali ya kuuliza ni ya kawaida kabisa, wala hayana matusi kwa mtu: katika nyumba ile nani mwingine analala? Binti anaoga wapi? Jirani akienda sokoni alfajiri, binti anabaki na nani?

Kuna jingine ambalo halionekani upesi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Binti anayelala kwa hisani, siku ya tatu huanza kuteka maji, ya nne kuosha vyombo, wiki ya pili anachelewa namba shuleni. Hilo peke yake ni hasara. Lakini kubwa zaidi ni kwamba mtoto anayejiona ana deni la shukrani hafungui mdomo. Akiguswa vibaya atawaza: nikisema, nitafukuzwa, na mama atagombana na jirani aliyetusaidia. Ndiyo maana namtaka karibu na mama hata kabla hatujajua lolote baya.

Ukiongea naye, ongea naye kama mwalimu wake, mahali penye utulivu, bila kumhoji kama polisi. Muulize analalaje, anaamka saa ngapi, kuna kitu kinamsumbua. Akikueleza kwamba ameumizwa, usimwambie arudie kwa mwalimu mkuu, kisha kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa mama. Msikilize mara moja, mwambie hana kosa, kisha twende Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza kabla ya saa 72 kupita, na mapema ni bora zaidi, kwa hiyo msikubali makaratasi ya PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, yawe sababu ya mtoto kusubiri kesho. Simu 116, ya huduma kwa mtoto, hupigwa bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Na mtu yeyote akisema "haya tuyamalize kifamilia", mkatalie hapo hapo.

Sasa turudi kwenye makao.

Nilipokuwa bado mgeni kazini, niliwatoa watoto watatu kwa mama yao katika kijiji kimoja cha mkoa huu. Nyumba yao ilikuwa imeanguka upande mmoja kwenye mvua za Januari, na walikuwa wanalala kwenye upande uliobaki. Niliona nafanya jema. Makao niliyowapeleka yaliwapa vitanda, vyandarua na milo mitatu. Lakini yalikuwa yanaweka wasichana mahali pao na wavulana mahali pao, kwa hiyo kaka akaachana na dada zake. Nauli ya mama kwenda kuwaona ilikuwa sawa na kibarua chake cha siku kadhaa, akaenda mara chache, kisha akaacha. Ilinichukua zaidi ya miaka miwili kuwarudisha, na yule mdogo aliporudi alimwamkia mama yake kama mgeni. Upande wa nyumba ulioanguka ulijengwa upya na majirani kwa wiki mbili, kwa matofali ya tope na mabati machache. Wiki mbili. Hadi leo nikipita njia ile hesabu hiyo hunirudia: wiki mbili za ujenzi, miaka miwili ya watoto.

Hili si la moyo wangu tu. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, iliyopitishwa mwaka 2009, inasema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na wazazi wake. Hapa kwetu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake, isipokuwa pale inapoamuliwa kisheria kwamba kukaa nao kutamdhuru. Mwalimu hana mamlaka ya kumkabidhi mtoto kwenye makao, hata mama akikubali huku analia. Anayepima hilo ni afisa ustawi wa jamii, na mahakama inapohitajika. Na hata pale hatari inapokuwa ndani ya familia yenyewe, kwa mfano baba anayepiga au mjomba anayenajisi, tunatafuta kwanza ndugu wa kuaminika, kisha familia ya malezi ya kambo, yaani familia nyingine inayokubali kumlea mtoto kwa muda. Makao ni ya mwisho kabisa. Tunayahitaji, na yapo yanayofanya kazi nzuri sana, lakini hayakujengwa ili kufidia kodi ya chumba.

Hebu sasa tulitazame lile kufuli.

Chumba cha kwanza cha kufikiria ni kile kile alichofungiwa mama. Watu wengi wanapoingia kusaidia huanza kumpigia dalali, wakati chumba cha zamani kina faida zake: watoto wanajua njia ya shule, mama ana wateja wa kufulia, hakuna pesa ya dalali wala ya kubebea mizigo. Kama chumba chenyewe si cha hatari, mazungumzo na mwenye nyumba ndiyo msaada wa bei nafuu kuliko wote.

Ijulikane kwamba mwenye nyumba hana ruhusa ya kujichukulia sheria mkononi, kumfungia mpangaji na kushikilia vyombo vyake. Ile sheria ya zamani iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo upangaji unaendeshwa kwa mkataba na kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Hata hivyo anayedai kodi anatakiwa kutoa notisi, na asipolipwa aende kwenye chombo cha sheria. Nawe ukitaka kushtaki, elewa mlolongo: tangu mabadiliko ya mwaka 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, haliamui tena. Uamuzi ni wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hapo pana muda mrefu, na watoto wanalala sebuleni kwa watu.

Kwa hiyo mimi ningeiweka sheria mfukoni na kwenda kuzungumza. Mwenda awe mama mwenyewe, na mwenyekiti wa mtaa au mtendaji, na mmoja wenu walimu. Watatu wanatosha, mkizidi mtaonekana mmekuja kumzomea. Msianze na pesa. Anzeni na vitu vya watoto: sare, madaftari, jiko, nguo za mdogo, kadi ya kliniki. Ni mwenye nyumba mgumu sana atakayekatalia kadi ya kliniki mbele ya mwenyekiti, na mlango ukishafunguliwa kwa ajili ya madaftari, maneno huwa laini. Halafu zungumzeni deni. Wenye nyumba wengi wa Chang'ombe si matajiri. Nimekutana na wajane ambao vyumba viwili vya uani ndiyo pensheni yao, na kodi ya miezi miwili ikikatika nao wanakopa unga dukani. Mkienda na heshima hiyo, wengi hukubali deni lilipwe kidogo kidogo. Mtakayokubaliana yaandikwe siku hiyo, yasainiwe na pande mbili, na mtendaji agonge muhuri.

Kuhusu pesa nitasema kinagaubaga, maana hapa ndipo nia njema huharibikia. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, na mji ukatangazwa kuwa jiji mwaka 2018, chumba kimekuwa mali ya kugombewa. Wenye nyumba wamezoea kudai miezi sita au mwaka mzima, kwa sababu yupo mtumishi anayeweza kulipa. Mfua nguo hawezi. Tuseme chumba ni shilingi 40,000 kwa mwezi. Miezi mitatu ni 120,000. Walimu 12 kwa 10,000 kila mmoja, imetimia. Ombeni miezi mitatu, msidanganyike na sita hata kama mnazo. Zile za miezi mitatu mingine zishikeni kwa utaratibu wa kupungua: mwezi wa nne nyie nusu na mama nusu, wa tano nyie robo, wa sita mama mwenyewe. Msaada unaokatika ghafla humrudisha mtu kwenye baraza la jirani mwezi wa saba, akiwa na aibu maradufu.

Kodi ilipwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba kwa risiti, na mama awepo. Mkataba uandikwe kwa jina lake yeye, si la shule wala la mwalimu, ili chumba kiwe chake na mwenye nyumba amzoee kama mpangaji na si kama mtu wa kuombewa. Semeni idadi kamili ya watoto. Nimeona familia ikifukuzwa wiki ya pili kwa sababu dalali alimwambia mwenye nyumba watoto ni wawili. Mkubaliane kabisa umeme wa LUKU unachangwaje na maji yanalipwaje, maana ugomvi wa nyumba za kupanga mara nyingi huanzia kwenye umeme wa shilingi elfu mbili.

Kama chumba cha zamani hakifai, au mwenyewe amekataa katakata, mtatafuta kingine. Msikikague mchana tu. Rudini saa mbili usiku. Mchana chumba kinaonyesha ukuta na bati. Usiku ndipo utajua nani wanapita uani, kama choo kina taa, kama kilabu cha pombe kiko nyuma ya dirisha. Choo ndicho ninachokitazama kuliko kitu kingine chochote. Binti wa miaka 12 ataamka usiku. Je, anavuka uwanja wenye giza? Mlango wa choo una komeo kwa ndani? Wanakichangia na vyumba vingapi, na ndani yake ni akina nani? Kama choo kiko mbali, ndoo yenye mfuniko ndani ya chumba ni suluhisho la halali kabisa, na mama asione haya. Mlango wa chumba nao uwe na komeo la ndani, si kufuli la nje peke yake. Ukipata nafasi ya kumnunulia mama huyu vitu viwili tu, nunua komeo na pazia la kugawa chumba, ili binti awe na kona yake ya kuvalia.

Tazameni pia korongo. Wageni wa Dodoma hulisahau kwa sababu miezi mingi huwa kavu, na vyumba vya pembezoni mwa korongo ni vya bei rahisi. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia kama Desemba hadi Aprili, na zikija huja kwa nguvu. Angalieni ukutani kama kuna mstari wa maji ya zamani. Angalieni mashimo ya maji taka yasiyofunikwa na visima vya ujenzi vilivyoachwa wazi, maana jiji linajengwa kila kona na mtoto wa darasa la pili anacheza popote. Na mwambieni mama, mara mbili na mara tatu, jiko la mkaa lisiingie ndani ya chumba kilichofungwa. Juni na Julai baridi na upepo wa hapa humshawishi mtu kulala na jiko limewaka. Ile hewa yake ya sumu haina harufu, na mtoto mchanga ndiye wa kwanza kuzidiwa.

Mvumi sasa. Ndugu wanataka arudi, na wewe hukuniambia kama mwenyewe anataka. Muulize. Sisemi wamekosea, kuwa na wazazi karibu ni utajiri. Ila kuna mambo yangu matatu.

La kwanza ni shule. Binti yuko la sita, mwakani ana mtihani wa kumaliza la saba. Kumhamisha katikati ya muhula ni kumwongezea mzigo wakati tayari amebeba mwingi. La pili ni riziki: Mvumi nani atampa nguo za kufua? Kuna kilimo, mtama na uwele, na wengine wana zabibu, lakini mtu hawezi kufika leo akavuna kesho. Na atakaa pale kwa haki au kwa hisani? Mwanamke aliyerudi na watoto wanne huwekwa mahali palipobaki. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, kwa hiyo kama wazazi wana nia njema kweli, wamwoneshe kiwanja chake na waliandike hilo mbele ya serikali ya kijiji. Neno la baba likibaki mdomoni, siku baba asipokuwepo kaka zake watalisahau.

La tatu ni nyumba yenyewe. Usiidharau tembe, Mwalimu. Paa lile la udongo juu ya magogo huzuia joto la mchana kuliko bati lolote, na Wagogo wamelea watoto humo vizazi na vizazi. Lakini tembe lina adui wake, papasi. Wanakaa kwenye nyufa za kuta na vumbi la sakafu, wanatoka usiku, wananyonya damu muda mfupi, wanarudi kujificha kabla hujaamka. Wanaambukiza homa ya papasi, homa inayopanda siku kadhaa, ikaacha, kisha ikarudi tena. Watu huidhani malaria. Inatibika kwa dawa za kawaida za kuua vijidudu, lakini kwa mtoto mchanga na mjamzito inaweza kuua, na eneo la Mvumi linafahamika kwa madaktari kwa ugonjwa huo. Kwa hiyo kabla mtoto wa chini ya mwaka hajalala pale, kuta zikandikwe upya nyufa zote zizibwe, sakafu ishindiliwe au iwekwe saruji, kuku na mbuzi wapate banda lao nje, na watoto walale kitandani, mbali na ukuta, ndani ya chandarua. Gongeni pia nguzo. Mchwa hula nguzo kimyakimya kwa ndani, na paa la udongo likilowa Januari uzito wake huongezeka sana. Nguzo ikitoa sauti ya utupu, ibadilishwe kabla ya mvua. Kwa maoni yangu hili la Mvumi liwe la likizo ya Desemba kwenda kutazama, si la wiki hii.

Kabla ya kumtafuta baba, mkae na mama peke yenu, umuulize swali moja kwa upole: je, unamwogopa? Jibu lake linageuza kila kitu. Kama alikuwa anampiga, basi chumba kipya kisitangazwe, na mazungumzo yote na huyo baba yapitie ustawi wa jamii au Dawati. Lakini kama ni mtu aliyeacha tu wajibu wake, asisamehewe kimyakimya. Sheria ya Mtoto inamtaka mzazi atoe matunzo, na matunzo hayo yanataja chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Malazi yamo, Mwalimu. Kodi ya chumba ni deni lake pia. Hata kama hawakufunga ndoa, watoto ni wake. Afisa ustawi atamwita, na asipoitika mama anaweza kuomba amri ya matunzo katika Mahakama ya Watoto. Utingo hupatikana: mwenye lori anajulikana, na stendi ya malori ina midomo mingi.

Kwenye ofisi, nenda kwa mtendaji wa mtaa na kwa afisa ustawi wa jamii wa kata mkiwa na barua fupi: majina, umri, wanapolala sasa, mnachoomba. Sheria inamtaka kila mwanajamii anayejua haki ya mtoto inavunjwa aitaarifu serikali ya mtaa, kwa hiyo huendi kuomba fadhila. Omba suala liingie kwenye kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya mtaa au ya kata. Uliza kama kaya iliwahi kuandikishwa TASAF, ule mfuko wa Serikali wa kusaidia kaya maskini, hapa au Mvumi; walengwa hutambuliwa kwenye mkutano wa hadhara, na aliyehama bila taarifa hupotea kwenye orodha. Ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo wanawake wana 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2, ni mizuri, lakini si sasa. Mama mwenye njaa akipewa mkopo, mkopo unaliwa, na baada ya hapo ana madeni mawili. Ngojeni miezi mitatu ya kodi ipite, mboga zirudi mezani, ndipo aingie kikundi. Wasaidizi wa kisheria wapo na hawatozi mtu maskini pesa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua. Muulize mtendaji: msaidizi aliye karibu nanyi ni nani?

Jambo moja naomba kwa msisitizo: msipige picha. Najua mtataka kuchangishana kwenye kundi la WhatsApp la walimu na la wazazi, na picha ya mtoto amelala mkekani huleta hela haraka. Lakini picha ile kesho iko kwenye simu ya mzazi wa mwanafunzi mwenzake, na keshokutwa binti anaitwa jina mstarini. Na kama kuna mtu mbaya anayetafuta mtoto asiye na wa kumlinda, mmemwonyesha sura na mtaa. Andikeni tu: "familia ya wanafunzi wetu imekosa makazi, tunahitaji shilingi 120,000, risiti itasomwa kikaoni." Watu watatoa. Wasiotoa bila picha, pesa yao hatuihitaji.

Niandikie tena mkishaonana na mwenye nyumba, hasa nijue binti amelala wapi. Na mlango ukifunguliwa, kadi ya kliniki ya yule mdogo itafuteni siku hiyo hiyo, maana barua yako haikusema ana miezi mingapi. Chanjo ya kwanza ya surua ni miezi tisa, na kwa wiki hizi kadi ilipokuwa nyuma ya kufuli, sidhani kama kuna aliyehesabu.